Usambiro: Kijiji cha Misioni ya Waingereza Kilichotoweka Kusini mwa Ziwa Victoria

Katika historia ya Ukristo kandokando ya Ziwa Victoria, majina ya Rubaga, Namirembe, Bukumbi na Nasa hutajwa mara kwa mara. Usambiro hutajwa kwa nadra, tena kwa sababu ya makaburi yake tu. Hata hivyo, kwa miaka michache tangu 1887, kituo hicho cha Church Missionary Society (CMS) katika pwani ya kusini kilikuwa kijiji chenye nyumba, karakana, mtambo wa kupiga chapa na watu wa makabila mengi. Makala hii yakusudia kueleza asili ya kijiji hicho, wakazi wake na sababu ya kutoweka kwake. Kisha kutafakari fundisho lake kwetu tunaotunza daftari za sharika.

CMS ilituma wamisionari wake wa kwanza kuelekea ziwani mwaka 1876, baada ya Stanley kuandika kutoka Buganda mwaka 1875 kwamba Kabaka Mutesa alihitaji waalimu. Mzigo, barua na wajumbe walitoka Zanzibar, wakapita Unyamwezi kwa misafara ya wapagazi, ndipo wakavuka ziwa kwa mashua. Kwa hiyo kazi ya Buganda haikuweza kusimama bila mlango wa kusini, na mlango huo uligharimu damu mapema: mwezi Desemba 1877 Shergold Smith na O'Neill waliuawa Ukerewe. Njiani nako watawala walidai hongo kwa kila msafara uliopita.

Mwaka 1887, chini ya Kabaka Mwanga, Alexander Mackay alilazimika kuondoka Buganda. Mackay alikuwa Mskoti, mhandisi asiye kasisi, aliyezaliwa mwaka 1849. Hakurudi kwao, alivuka ziwa akajenga Usambiro. Hapo aliendelea kutafsiri Maandiko kwa Kiganda na kuyapiga chapa, akachana mbao na kufua chuma ili apate chombo cha kusafiria ziwani.

Ni akina nani basi walioishi kijijini? Kundi la kwanza ni wamisionari, na idadi yao ilipunguzwa sana na homa. Mwezi Machi 1888 alifariki Kasisi Blackburn; tarehe 26 ya mwezi huohuo akamfuata Askofu Henry Parker, mrithi wa Hannington aliyeuawa Busoga mwaka 1885. Mackay mwenyewe alifariki tarehe 8 Februari 1890, akiwa na umri wa miaka 40. Mwishoni mwa mwaka huo, Askofu Alfred Tucker alipopita akielekea Buganda, vijana wawili wa msafara wake, Hunt na Dunn, walizikwa hapohapo.

Kundi la pili ni wakimbizi. Mwezi Oktoba 1888 Wakristo walifukuzwa Buganda katika mapinduzi yaliyofuata kuondolewa kwa Mwanga. Wamisionari Gordon na Walker walisafirishwa pamoja na mapadre Wakatoliki katika mashua moja iitwayo Eleanor. Kiboko aliitoboa mashua hiyo, na baadhi ya watoto waliokuwamo wakafa maji. Walionusurika waliitengeneza wakaendelea na safari, Wakatoliki wakaelekea Bukumbi na wenzao Usambiro. Yafaa ikumbukwe kwamba watu walioshindana vikali kule Mengo walipona katika chombo kimoja.

Kundi la tatu ni wapagazi, mafundi na watumishi, pamoja na majirani waliokuja kuuza vyakula. Wageni nao walikuwa wengi: kati ya mwisho wa Agosti na katikati ya Septemba 1889, Stanley na Emin Pasha walipumzika Usambiro wakiwa na mamia ya watu. Kijiji kinachoweza kuupokea umati wa namna hiyo kwa majuma kadhaa hakiishi kwa mikono ya Wazungu wawili au watatu. Jembe, jiko na kasia vilikuwa mikononi mwa watu ambao historia zetu huwaita tu "watumishi".

Kutoweka kwa kijiji kulitokana kwanza na mabadiliko ya njia. Mapatano ya Uingereza na Ujerumani ya tarehe 1 Julai 1890 yaliiweka Buganda upande wa Waingereza na pwani ya kusini upande wa Wajerumani. Baadaye safari za Uganda zikapitia Mombasa, na mwaka 1901 reli ikafika ziwani Kisumu. Mlango wa kusini ukapoteza kazi yake. Usambiro uliachwa, CMS ikabaki Nasa, kituo kilichofunguliwa mwaka 1888, mpaka ilipokikabidhi kwa Africa Inland Mission mwaka 1909. Mwaka 1927 mifupa ya Mackay ilihamishiwa Namirembe.

Je, tuseme kwamba kazi ya Usambiro ilikuwa bure? Kwa kipimo cha majengo, ndiyo. Lakini wakimbizi walirudi Buganda wakiwa na imani iliyokwisha kupimwa, na usomaji wa Kiganda ukaenea hata nje ya Buganda. Bukoba, mji ulioanzishwa na Emin Pasha mwaka 1890, ulifikiwa na habari za Injili kutoka kaskazini. Wamisionari wa Betheli walipofika mwaka 1910 walikuta tayari Wahaya waliojifunza imani kwa njia hiyo. Basi sisi Walutheri wa kandokando ya ziwa hatuna haki ya kusema kwamba historia ya Usambiro ni ya Waanglikana peke yao.

Hata hivyo, hatuna budi kukiri upungufu mmoja. Majina ya Wazungu waliozikwa Usambiro yamehifadhiwa kwa tarehe zake. Majina ya watoto wa mashua ya Eleanor hatuyasomi katika ibada zetu za kumbukumbu. Wachungaji na wanafunzi wa theolojia wanaweza kurekebisha jambo hili katika sharika zao, kwa kuandika majina ya wazee wa kwanza, wapishi, wabeba mizigo na wanawake waliowakaribisha wainjilisti, kabla wanaowakumbuka hawajalala. Mwandishi wa Waebrania (13:14) hutukumbusha kwamba hapa hatuna mji wa kudumu. Vijiji vya misioni hupita. Watu waliovijenga wanajulikana kwa Mungu kwa majina yao, na yafaa wajulikane pia kwa Kanisa lake.