Swichi Isiyowajua Majirani

Witeithie ni neno la Kikuyu: jisaidie. Ukitoka Juja kuelekea Thika, JKUAT ikiwa nyuma yako, utapafika hapo, ghorofa za kupangisha zimebanana, kamba za nguo na kebo zikigombania ukuta.

Mwaka juzi niliitwa kwenye ghorofa moja huko. Vyumba arobaini na kitu, swichi moja kwenye sanduku chini ya ngazi, visambazaji vitano vya waifai kwenye dari za korido. Kila jioni waifai ilichechemea. Wapangaji walishaanza kukataa kulipa, na kijana aliyeweka mtandao huo alikuwa amekopa pesa za vifaa. "Fundi, kebo nimebadilisha zote," akaniambia. "Sijui nifanye nini tena."

Shida haikuwa kebo. Ili kuielewa, turudi hadi 1994.

Mwaka huo JKUAT ilifanywa chuo kikuu kamili, na huko Marekani wahandisi wa Cisco wakabuni itifaki iitwayo CDP. Mitandao ilikuwa imekua kuliko kumbukumbu za walioijenga. Nani amechomekwa wapi? Dawa yao ilikuwa ya kiungwana: kila kifaa kijitambulishe. Kila sekunde 60 kinamtumia jirani aliye upande wa pili wa kebo salamu fupi: jina langu hili, aina yangu hii, nimekufikia kwa tundu hili. Kikinyamaza sekunde 180, jirani anakifuta kwenye orodha. Salamu yenyewe haiendi mbali. Ni hodi ya mlango wa pili, si gari la kampeni lenye spika.

Lakini CDP ilikuwa lugha ya nyumba moja. Extreme wakawa na EDP, Foundry wakawa na FDP, na MikroTik ya Latvia, ambayo mafundi wa mitaa yetu wameizoea sana, ina MNDP. Ukichanganya vifaa, na nani hapa kwetu hachanganyi, vingeweza kukaa kwenye kebo moja bila kujuana. Ndipo 2005 IEEE ikatoa 802.1AB, yaani LLDP, lugha ya wote: salamu kila sekunde 30, kumbukumbu ya sekunde 120.

Sasa umeme. Kisambazaji hula umeme kupitia kebo ile ile ya data. Kiwango cha 2003 kiliruhusu tundu la swichi kutoa wati 15.4. Vikaja visambazaji vya redio mbili vyenye njaa zaidi, na kiwango cha 2009 kikapanda hadi wati 30. (Ndio mwaka kebo ya TEAMS ilifika Mombasa kupitia baharini.) Swichi, lakini, haimpi kila anayebisha wati 30. Nyingi huanza na kidogo, kisha kisambazaji huomba nyongeza, na ombi hilo husafiri ndani ya LLDP. Salamu ikageuka kuwa pia njia ya kuomba chakula.

Basi mtu aizime kwa nini? Kwa sababu inasema mengi. Mpangaji akichomeka laptopu ukutani anaweza kusoma jina la swichi, modeli, hata toleo la programu yake. Februari 2020 kampuni ya usalama ya Armis ilitangaza kasoro tano, zikaitwa CDPwn, katika namna vifaa vya Cisco vilivyosoma pakiti za CDP. Baadhi zilimwezesha aliye ndani ya mtandao kukiteka kifaa. Ushauri ukaenea: zima ugunduzi. Ushauri ukishapita WhatsApp, masharti yake hudondoka njiani.

Kijana wetu alikuwa amezima kila tundu. Visambazaji viliomba, hakuna aliyesikia, vikabaki na wati 15.4 na kulaza redio moja. Mchana watu wako kazini na darasani, redio moja inatosha. Saa moja jioni wamerudi wote, inalemewa.

Kwanza tuliwasha LLDP kote, tuone nani yupo. Nusu dakika hivi, majina yakaanza kuingia, na redio zilizolala zikaamka. Kisambazaji cha ghorofa ya tatu kilijitokeza kwenye tundu ambalo daftari la keateka lilisema ni la chumba 17. Daftari tukalirekebisha. Kisha tukazima salamu kwenye matundu ya vyumba na kwenye laini ya mtoa huduma, tukaiacha kwa visambazaji vitano. Kazi ya dakika kumi; kutafuta nywila ya swichi ndiko kulikokula asubuhi.

Ila kabla hatujazima, orodha ilikuwa na jirani wa sita: kisambazaji ambacho hakuna aliyekinunua, kimechomekwa kwenye laini ya chumba, kikirusha waifai yenye jina lake. Kijana alinitazama. Keateka akainama, akasoma jina kwenye skrini, akacheka.

"Huyu namjua. Ni wa 31. Anauzia floo yote."