Sauti na Daftari: Leseni za Utangazaji katika Nchi ya Dhahabu

Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Methali hii huelekezwa zaidi kwa wafanya biashara, lakini katika insha hii tungependa kuonyesha kwamba yaihusu pia mali isiyoshikika kwa mkono, nayo ni sauti ipitayo hewani. Tutatoa mifano yetu hasa katika Shinyanga na Geita, kwa kuwa wananchi wa huko wameijua maana ya leseni kwa muda mrefu.

Almasi ya Mwadui iligunduliwa mwaka 1940. Dhahabu ya Geita ilichimbwa tangu miaka ya 1930 hadi mgodi ulipofungwa mwaka 1966, na mgodi mkubwa wa sasa ukaanza kazi mwaka 2000. Mchimbaji mdogo wa Geita au Kahama hana haja ya kuambiwa kwamba madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya taifa. Kwamba kitalu kina mipaka. Kwamba leseni ina ada ya kila mwaka na tarehe ya kwisha. Pasipo hayo, watu wawili watachimba duara moja, na ugomvi utazuka. Masafa ya redio nayo ni vivyo hivyo. Vituo viwili vikitangaza katika masafa mamoja mahali pamoja, hakuna kitakachosikika. Ndiyo maana masafa hugawanywa kwa leseni, na mwenye leseni hudaiwa hesabu.

Zamani hesabu hiyo haikuhitajika sana, maana msemaji alikuwa mmoja. Sauti ya Dar es Salaam ilianza mwaka 1951, na mwaka 1956 likaundwa Shirika la Utangazaji Tanganyika. Mwaka 1965 Shirika hilo lilivunjwa, na Radio Tanzania Dar es Salaam ikawekwa chini ya wizara. Ilikuwa redio ya kufundisha: katika kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, watu wapatao milioni mbili walikusanyika katika vikundi, wakasikiliza vipindi, kisha wakachimba vyoo na kufyeka vichaka. Redio hiyo iliwajibika kwa Serikali, wala haikuwa na mshindani.

Mambo yalibadilika mwaka 1993. Sheria ya Utangazaji ya mwaka huo iliruhusu watu binafsi kuanzisha vituo, na ikaunda Tume ya Utangazaji ya kuvisimamia. Mwaka uliofuata redio na televisheni za watu binafsi zilianza kusikika na kuonekana Tanzania Bara. Mwaka 2003 kazi ya Tume ilihamishiwa kwenye Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na mwaka 2010 ikatungwa Sheria ya Mawasiliano ya Kielektroniki na Posta. Mwenye kituo alipaswa sasa kulipa ada kila mwaka, kutangaza katika eneo aliloruhusiwa tu, liwe wilaya, mkoa au taifa zima, na kutunza kumbukumbu za vipindi vyake.

Je, masharti haya ni karatasi tupu? Historia yatujibu kwa matukio mawili.

Tukio la kwanza ni la mwaka 1994, katika nchi jirani ya Rwanda, ambako redio ilitumiwa kuchochea mauaji ya halaiki. Wakimbizi walimiminika Ngara, si mbali na Geita. Na Desemba 2003 mahakama ya kimataifa iliyokaa Arusha iliwatia hatiani wakuu wa chombo hicho. Kwa hiyo, Februari 2013, mgogoro wa kuchinja nyama ulipoleta mauaji ya mchungaji huko Buseresere, mkoani Geita, si ajabu kwamba masikio yote yaligeukia redio. Mwezi huo huo Mamlaka ilivifungia kwa miezi sita vituo viwili vya dini, Kwa Neema FM cha Mwanza na Radio Imaan cha Morogoro, kwa tuhuma za uchochezi.

Tukio la pili ni la Januari 2016. Mamlaka ilivizima vituo 27, yaani redio 21 na televisheni 6, kwa sababu havikuwa vimelipa ada za leseni. Miongoni mwao zilikuwamo Star TV na Radio Free Africa za Mwanza, ambazo sauti zao zilikuwa zimezoeleka katika nyumba nyingi za Kanda ya Ziwa. Hapa hapakuwa na neno la uchochezi lililotamkwa. Dawa ya deni kulipa, na deni lilikuwa halijalipwa.

Tuyapime matukio haya. La kwanza lilihusu kilichosemwa. La pili lilihusu kisichotimizwa kwa tarehe yake. Lakini kwa msikilizaji wa Nyarugusu aliyekuwa akingoja taarifa ya habari, ukimya ni ule ule. Yeye hakuchochea wala hakudaiwa, na bado ndiye aliyeadhibiwa. Sisi tuliozoea kazi za ofisi twaamini kwamba tarehe ya mwisho iwe moja kwa mkubwa na mdogo, maana huo ndio usawa. Lakini twaamini pia kwamba adhabu ya deni isifanane na adhabu ya uchochezi, na kwamba kukizima kituo kuwe hatua ya mwisho baada ya onyo na faini.

Wenye vituo nao wasijifiche nyuma ya udogo wao. Kumbukumbu ya kipindi iliyotunzwa vema ndiyo shahidi wa kwanza wa mtangazaji anaposingiziwa. Asiyeitunza atajitetea kwa maneno matupu. Hata mchimbaji mwenye duara moja huijua siku ambayo leseni yake yakwisha. Sauti nayo ni mali ya wananchi wote: anayeikopa kwao hana budi kuiandika daftarini, na anayelikagua daftari hilo hana budi kuwakumbuka wanaosikiliza.