UZI: Kipandikizi cha koklea kwa kila kiziwi?

1/ Wadau wa Nakuru, mwanasiasa akiahidi "viziwi wote watasikia", msipige makofi bado.

2/ Mwaka 1880, mkutano wa Milan uliamua viziwi wafundishwe kwa mdomo, si kwa ishara. Kati ya wajumbe 164, kiziwi alikuwa mmoja tu. Kongamano hilohilo lilijutia uamuzi huo mwaka 2010, kule Vancouver.

3/ Marekani iliidhinisha kipandikizi kwa watu wazima 1984, kwa watoto 1990. Kinapeleka umeme kwa neva ya kusikia. Neva ikikosekana, hakisaidii. Anayesikia vizuri kwa mashine ya kawaida ya masikio hakihitaji. Aliyezaliwa kiziwi hufaidika zaidi akiwekewa mapema. Na homa ya uti wa mgongo inaweza kugeuza koklea kuwa mfupa, so hapo ni mbio.

4/ Baada ya upasuaji kuna betri na mazoezi ya miaka. Mzazi wa Molo anauliza: nauli ya kliniki je?

5/ Mwaka huohuo 2010, Katiba yetu, Kifungu cha 120, ilifanya Lugha ya Ishara ya Kenya kuwa lugha rasmi ya Bunge.

6/ Ahadi ya maana basi: watoto wapimwe mapema, anayefaa alipiwe, na wote wapate ishara. Uamuzi ufanywe baada ya vipimo, si jukwaani.