Mbolea ya Leta: Ruzuku ya Pembejeo katika Mwambao wa Kabezi na Rumonge tangu 2012

Mwaka 2012 serikali ya Burundi ilianzisha Mpango wa Taifa wa Ruzuku ya Mbolea, unaofahamika zaidi kwa kifupisho chake cha Kifaransa, PNSEB. Kwa wakulima wa Kabezi, kusini mwa Bujumbura kwenye barabara iendayo Rumonge, haikuwa mara ya kwanza kwa dola kuwa na kauli juu ya shamba. Utawala wa Wabelgiji uliwalazimisha watu wa bonde la Imbo kulima pamba. Baada ya uhuru, michikichi ya Rumonge ilipewa miche bora na huduma za ugani kupitia shirika la maendeleo la eneo hilo, SRD. Sehemu ya ardhi iliyopandwa ilikuwa ya watu waliokimbia mauaji ya 1972, na waliporejea kutoka Tanzania mashauri ya ardhi yakafuata. Mwambao ulikuwa umekwisha kujifunza kwamba msaada wa leta, kama serikali iitwavyo kwa Kirundi, huja na masharti, na pengine kwa hasara ya jirani.

Mpango wa 2012 ulizaliwa katika mkondo wa bara zima. Azimio la Abuja la 2006 lilikuwa limeweka lengo la kilo 50 za virutubisho vya mbolea kwa hekta ifikapo 2015. Malawi ilikwisha kuanza ruzuku yake kubwa msimu wa 2005/06, na Tanzania ikafuata kwa vocha mwaka 2008. Burundi ilichagua njia yake. Mkulima aliandikisha mahitaji yake, akalipa amana miezi kadhaa kabla ya kupanda, kisha akamalizia salio msimu ulipokaribia. Kwa maneno mengine, fedha ya mkulima iliitangulia mbolea.

Utaratibu huo ulikuwa na sifa yake: ulipunguza mianya ya maofisa kugawa mbolea kwa upendeleo, na uliipa serikali makadirio ya mahitaji yaliyothibitishwa kwa fedha taslimu. Lakini kaya inayolima takriban nusu hekta, ambacho ndicho kiwango cha kawaida nchini, haina akiba ya kulala miezi mitatu. Kabezi, penye uwanda mwembamba kando ya ziwa na miteremko mikali ya Mumirwa juu yake, tofauti hii ina uzito wa pekee. Mwenye michikichi au mtumbwi hupata fedha nje ya kalenda ya mahindi. Anayetegemea maharage na mihogo ya mlimani hana mlango huo. Ruzuku iliyokusudiwa mnyonge ilimdai kwanza kile alichokikosa.

Mwaka 2016 Umoja wa Ulaya ulisitisha msaada wa moja kwa moja kwa serikali, na mzigo wa bajeti ukazidi kuwa wa ndani. Kuanzia 2019 kiwanda cha FOMI kilichukua nafasi ya DAP na urea zilizoagizwa nje, kikitoa mbolea mchanganyiko ya mboji na madini kwa majina ya Kirundi: Imbura, Totahaza na Bagara. Hoja ya kuokoa fedha za kigeni ilikuwa na nguvu. Hata hivyo malighafi na mafuta ya magari bado vilihitaji fedha hizo hizo, na uhaba wake ulipozidi, malalamiko ya mbolea iliyolipiwa ikachelewa yalisikika nchi nzima.

Kuchelewa huku si usumbufu mdogo. Mbolea ya kupandia ikifika mahindi yakiwa yamefika magotini, msimu wa Agatasi umekwisha kuipoteza. Mkulima huitunza hadi Impeshi, au huiuza kwa bei ya chini kwa mwenye shamba kubwa. Katika hali hii ya pili ruzuku humfikia asiyelengwa bila sheria yoyote kuvunjwa. Mwanamke asiye na ardhi kwa jina lake huumia zaidi, kwa kuwa fedha ya amana mara nyingi hutoka katika biashara yake ndogo.

Tathmini za ruzuku hupenda kuhesabu tani zilizoagizwa na tani zilizogawiwa. Kwa mwambao wa Tanganyika takwimu yenye maana zaidi ni tarehe ambayo mfuko ulishushwa kilimani, ikiwekwa kando ya tarehe ya mvua ya kwanza.