Shehena ya Picha: Tarikhi ya Sinema ya Nyumbani Kisiwani Idjwi

Kisiwa cha Idjwi kimekaa katikati ya Ziwa Kivu, baina ya pwani ya Kongo kwa upande wa magharibi na pwani ya Rwanda kwa upande wa mashariki, na ukubwa wake, ambao hukadiriwa kuwa kilomita za mraba 340 hivi, wakifanya kiwe cha pili miongoni mwa visiwa vya maziwa ya Afrika baada ya Ukerewe. Walakini katika ramani nyingi za dunia hakipewi nafasi iliyo kubwa kuliko doa la wino. Wenyeji wake ni Wahavu, pamoja na Wambuti waliokuwa wenyeji wa misitu yake, na maisha yao ni ya jembe na nyavu: ndizi, mihogo, maharagwe, kahawa, mananasi, na samaki wa ziwani. Mataifa ya Ulaya yaligombea milki yake pasipo kuwauliza wenyewe, kwa maana maafikiano ya 1910 yalikitia kisiwa katika fungu la Wabelgiji, na Septemba 1914, vita vikuu vilipoanza, Wajerumani waliokuwa Rwanda wakavuka na kukitwaa, mpaka Wabelgiji walipokirejesha mikononi mwao. Mambo haya nayataja kwa sababu moja tu, nayo ni kwamba kila kilichopata kufika Idjwi, kiwe dola au dini, chumvi au mafuta ya taa, kilikuja juu ya maji na kikateremshwa gatini, na kwa muda wa miaka mingi sana picha zinazotembea nazo zilifuata kanuni hiyo hiyo.

Zama za Wabelgiji, sinema katika Kongo ilikuwa mali ya serikali na ya Kanisa. Amri zilizotolewa katika miaka ya 1930 na 1940 zilimzuia mtu mweusi kutazama filamu yoyote ghairi ya zile zilizopitiwa na kuruhusiwa na tume ya wakaguzi, kwa hofu kwamba akiwaona Wazungu wakiibiana, wakibusiana na kuuana kwenye kitambaa cheupe, heshima yao itashuka machoni pake. Wamisionari, kwa kuona kwamba filamu za Ulaya hazifai, walijitengenezea zao: Léopoldville, Kinshasa ya leo, walikuwapo mapadri wa Scheut, akiwamo Padri Alexandre Van den Heuvel, aliyetengeneza katuni za swala mdogo mwerevu aitwaye Mboloko, na huku kwetu Kivu alikuwapo Padri Roger De Vloo wa Mapadri Weupe. Idara ya habari ya serikali ilikuwa na magari ya sinema yaliyozunguka mijini na vijijini na mashine zao, lakini gari ni gari, na ufukwe ndio mwisho wa safari yake. Mtu wa kisiwani aliyetaka kuona alikuwa na njia moja iliyo yakini, nayo ni kupanda mtumbwi au boti, kuvuka hadi Kalehe, Goma au Bukavu, mji ambao hadi mwanzoni mwa miaka ya 1950 uliitwa Costermansville, na kutazama kile alichokwisha kuchaguliwa na wengine.

Uhuru haukuyabadili sana mambo hayo. Televisheni ya taifa ilianza Kinshasa mnamo Novemba 1966, mwaka mmoja baada ya Mobutu kushika dola, na kwa miaka mingi taarifa ya habari ya jioni ilifunguliwa kwa sura ya rais akishuka kutoka mawinguni, jambo ambalo wazee wa miji yetu hulisimulia hadi leo kwa kicheko kilichochanganyika na mastaajabu. Huko pwani, Zanzibar ilikwisha kuwa na televisheni ya rangi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na watu wake wakakusanyika mabarazani kuitazama, ilhali Tanzania Bara ilingoja hadi miaka ya 1990. Idjwi, isiyo na waya wa umeme wa kuvuka ziwa, ilibaki na redio. Na kwa hakika redio iliyotiwa betri ni chombo cha adili kwa mtu wa kisiwani, maana haimdai kitu zaidi ya masikio na jozi ya mawe, nami sioni haya kusema kwamba hakuna chombo kilichokuja baadaye ambacho kimewatumikia Wahavu kwa uaminifu kama huo.

Badiliko lenyewe lililetwa na kanda. Kampuni ya JVC ya Japani ilitoa kanda ya video aina ya VHS mwaka 1976, na katika muda wa miaka kumi hivi vifaa vyake vilikuwa vimekwisha kuenea katika miji ya Maziwa Makuu, vikiingia mikononi mwa watu ambao wala hawakuwa mapadri wala makarani wa serikali. Hapo ndipo lilipozaliwa banda la video, ambalo Watanzania waliliita kibanda umiza na Waganda wakaliita kibanda kwa lafudhi yao, na huku Kongo watu wakisema tu kwamba wanakwenda video. Mahitaji yake ni machache: chumba cha mbao au cha udongo, madirisha yaliyozibwa kwa magunia, mabenchi, runinga moja, deki moja, na nje ya ukuta jenereta, ambayo sisi twaiita gurupu, ikinguruma kiasi cha kuyameza maneno ya wachezaji. Mwenye banda kisiwani alikuwa, kabla ya kuwa mtu wa sanaa, mtu wa bandari. Alilazimika kujua siku ya boti na siku ya soko, bei ya petroli Goma na bei yake Bukavu, na kumjua muuzaji wa Kadutu, huko Bukavu, ambaye kanda zake hazikatiki katikati ya vita; na akikosa petroli, Bruce Lee hufa kabla ya wakati wake, na watazamaji hudai fedha zao.

Wala hawakuwa na haja kubwa ya kuyasikia maneno ya wachezaji, maana filamu ilikuwa ya Hong Kong, ya India au ya Marekani, na lugha yake haikuwa ya mtu yeyote aliyekuwamo. Haja ya kukielewa kisa ilizaa kazi mpya katika Afrika ya Mashariki yote, kazi ya mfasiri wa filamu, anayesimama kando ya runinga au kuitia sauti yake juu ya kanda, akieleza, akitania, akiwapa wageni majina ya kienyeji na kuwatungia nia wasizokuwa nazo. Tanzania ilimpata Lufufu, Uganda ikawapata mavijee wake, Kenya ikampata DJ Afro, na Rwanda ikawa na filamu za namna hiyo zinazoitwa agasobanuye, ambazo mkaazi wa Idjwi anayekwenda soko la ng'ambo na kusikia Kinyarwanda tangu utoto hazimpi taabu. Wako wanaodharau kazi hiyo na kuiona ni uharibifu wa filamu. Mimi naiona kuwa ndugu wa halali wa hadithi za jioni, maana ndiyo iliyomrudisha msimulizi kwenye kiti chake baada ya mashine kumwondoa, na mzee asiyejua neno la Kiingereza akatoka bandani na kisa kamili cha kuwasimulia wajukuu.

Baada ya kanda ikaja diski, kwanza ile ya VCD na kisha DVD, ambayo ilitokea Japani mwaka 1996 na kuchukua gigabaiti 4.7 za picha na sauti katika sahani nyepesi kuliko kijiko. Kwa mtu wa nchi kavu diski ilikuwa ni kuongezeka kwa uzuri wa picha, lakini kwa mtu wa kisiwa fadhila yake ilikuwa wepesi: sanduku la kanda ishirini lilihitaji nafasi katika boti, na diski mia zikakaa katika mfuko wa mwanamke aliyekwenda kuuza mananasi. Muflisi naye akaweza kuwa na sinema kwake, kwa sababu vilikuja vifaa vidogo vya Kichina vyenye kioo na mahali pa diski pamoja, vinavyokubali umeme wa betri ya gari, na paneli za jua zikashuka bei mwaka hata mwaka. Ndani ya diski hizo zikaja filamu za Kinigeria, michezo ya kuigiza ya Kinshasa kwa Kilingala, na hasa filamu za Kiswahili za Dar es Salaam, ambazo Wakongo wa mashariki walizipokea kama mali yao, hata kifo cha mwigizaji Steven Kanumba, tarehe 7 Aprili 2012, kikawa msiba uliovuka Ziwa Tanganyika. Kwa mara ya kwanza tangu enzi za mapadri, mtu wa Idjwi aliona kioo kinachosema kwa lugha aisemayo sokoni. Dosari ya diski yajulikana na kila aliyeitumia: vumbi na ukungu wa ziwa huila, mikwaruzo ya watoto huikatisha, na nyingi zilikuwa nakala za wizi ambazo mtungaji wake hakuonja hata senti.

Watu wa Ulaya na Marekani wanapozungumza leo juu ya kuacha waya wa televisheni, wana maana ya waya halisi unaoingia ukutani mwa nyumba. Idjwi haikupata kuwa na waya huo, hata uwe wa kuachwa. Mahali pake palishikwa na sahani ya setilaiti na dekoda, za Canal+ kwa wingi na za StarTimes kwa wengine, na malipo ya mwezi yakawa yakipelekwa kwa simu tangu fedha za simu zilipoenea nchini. Chombo hiki kina haki moja ambayo hakuna kingine kimeweza kuidai, nayo ni mpira wa miguu, kwa maana filamu hungoja boti, na habari huweza kuchelewa kwa siku, lakini goli lililofungwa jana halina mnunuzi. Jioni ya tarehe 7 Februari 2024, Leopadi wa Kongo walipokutana na Cote d'Ivoire katika nusu fainali ya Kombe la Afrika, wachezaji wetu waliziba vinywa kwa mkono mmoja na kuelekeza vidole viwili kwenye kichwa kwa mkono wa pili wakati wa wimbo wa taifa, ili dunia ione maafa ya mashariki yanayonyamaziwa. Na ishara ya namna hiyo thamani yake ni kuonwa papo hapo, na watu wengi kwa pamoja. Mchezo wenyewe tulishindwa bao moja kwa bila.

Simu ndiyo iliyovuruga mpangilio wote huo. Kadi ndogo ya kumbukumbu, iliyo sawa na ukucha, ya gigabaiti 32, huchukua filamu thelathini zilizobanwa vizuri, na fundi mwenye kompyuta moja na paneli moja ya jua huijaza kwa malipo madogo, nyimbo upande huu, filamu upande ule, na mahubiri ya Jumapili kwa anayetaka. Serikali yoyote yenye hamu ya kukagua, kama ile iliyoikataza mwaka 2015 filamu ya Thierry Michel juu ya Daktari Denis Mukwege wa hospitali ya Panzi, kisha ikaondoa katazo lake baada ya makelele, yaweza kuufunga ukumbi, lakini haiwezi kupekua mifuko ya abiria wote wa boti moja.

Ndipo ikafika intaneti, nayo Idjwi ina kisa chake cha pekee. Kwa kuwa kampuni za simu hazikuona faida ya kutosha kisiwani, karibu na mwaka 2016 ulianzishwa mtandao wa jamii ulioitwa Pamoja Net, kwa msaada wa shirika la Ensemble Pour la Différence na kwa ridhaa ya utawala wa kimila wa huko, mawimbi yakirushwa juu ya maji kutoka mnara hadi mnara, na wenyeji wakaupata mtandao hewani. Mwaka huo huo wa 2016, mwezi wa Januari, Netflix ilifungua milango yake kwa karibu dunia yote, Kongo ikiwa ndani. Kwa hesabu ya kampuni hiyo yenyewe, saa moja ya picha ya kawaida hula hadi gigabaiti moja, na ya picha safi hadi gigabaiti tatu. Na mwenye kununua mega zake kwa siku au kwa juma ataona upesi kwamba filamu moja yaweza kumla zaidi ya chakula cha jioni cha nyumba nzima.

Kwa hiyo mtu wa Idjwi akitaka leo kuipanga nyumba yake, maswali ya mwanzo ni ya jua na ya maji, na swali la kioo huja mwisho. Runinga ndogo ya umeme wa betri ndiyo ya kwanza, kwa kuwa yatumia nguvu ya taa chache tu. Dekoda ni ya mwenye kupenda mpira, tena naona ni busara kuchangiana majirani, jinsi banda la video lilivyofanya zamani. Kilichobaki ni simu na kadi: mmoja mwenye mega huteremsha filamu mara moja, usiku, penye mawimbi mazuri, kisha huigawa kwa mkono au kwa simu kwa simu pasipo kutumia mtandao tena, ikaenda kutoka Bugarula, upande wa kaskazini, hadi vijiji vya kusini kwa miguu na kwa pikipiki. Wahandisi waliowaza kwamba picha itatiririka kutoka mbinguni na kupotea ikishatazamwa hawakumfikiria mtu ambaye kila kitu chake hufika kwa chombo. Yeye huipokea, huifunga, na kuisafirisha. Imekuwa shehena tena.

Januari 2025 Goma iliangukia mikononi mwa waasi wa M23, na Februari Bukavu ikafuata, na njia za ziwani ambazo kisiwa huishi kwazo zikawa za mashaka. Mwezi Mei mwaka huo mamlaka ya mawasiliano ya Kinshasa ilitoa leseni kwa Starlink, kampuni ya intaneti ya setilaiti ambayo ilikuwa imekwisha kuruhusiwa kazi Rwanda tangu 2023. Gati za Kalehe na Bukavu zingali mahali pake, na kwa sasa kadi zilizojazwa bado husafiri pamoja na sabuni na chumvi, katika boti zile zile, kila zinapoweza kuondoka.