Migomba ya Majirani wa Bwindi

Hapa Mitunguu mgomba ndio karo, ndio hospitali. Kwa hiyo historia ya watalii wa gorila kule Bwindi, Uganda, mimi naisoma nikianzia shambani.

Msitu ule ulifanywa hifadhi ya taifa mwaka 1991. Wabatwa, waliokuwa wakiwinda na kurina asali humo tangu enzi za mababu, wakafungiwa nje bila kupewa ardhi. Mwaka 1993 watalii wa kwanza wakapelekwa kuiona familia ya gorila iitwayo Mubare. Kabla ya hapo wafuatiliaji walikuwa wameiandama siku baada ya siku, hadi gorila wakawazoea watu, wakaacha kukimbia.

Sasa, gorila aliyemzoea mtu haogopi shamba. Upande wa Nkuringo walitoka msituni wakaingia kwenye migomba. Wala hawakufuata ndizi: huuangusha mgomba, wakauchana kwa meno ganda baada ya ganda, wakala kile kiini cheupe chenye maji. Mkungu uliokuwa ukitarajiwa hupotea, na mkulima huanza upya na chipukizi. Vijiji vikaunda vikosi vya kujitolea kuwarudisha msituni bila kuwadhuru. Nawavulia kofia.

Leo gorila wa milimani wamepita 1,000, nami nafurahi kwa dhati. Ila mgeni hulipa dola 800 kukaa nao saa moja, na tozo ya gorila inayotengewa majirani ni dola 10. Haitoshi. Iongezwe, na Wabatwa wapewe ardhi.