Mkasi Unaotoka Tumboni

Ndugu msomaji, usifungue ukurasa mwingine kwa sababu umesikia neno kemia. Mimi nami niliishia Kidato cha Nne, na somo hilo lilinitoa jasho. Lakini kisa hiki kina wahusika ambao mwandishi yeyote angewatamani.

Mkasi wenyewe unaitwa tripsini. Ni kimeng'enya cha kongosho. Ukila maharage au dagaa, chenyewe kiko huko kwenye utumbo mwembamba kinakatakata protini. Mjerumani Wilhelm Kühne ndiye aliyekipa jina mwaka 1876.

Ikapita miaka mingi. Hata katika miaka ya 1940 walikuwapo wataalamu walioshuku kama protini zina mpangilio wowote maalumu. Hapo ndipo anaingia Frederick Sanger, wa Cambridge, Uingereza. Aliichagua insulini ya ng'ombe: asidi amino 51, nyuzi mbili, mmoja wa 30 na mwingine wa 21. Huwezi kuisoma kwa mpigo. Basi akaikata kwa asidi, akaikata tena kwa pepsini, kwa tripsini na kadhalika, halafu akawa anaunganisha vipande, kama mtu mwenye nakala kadhaa za barua moja, kila moja imechanwa kivyake. Kazi hiyo ilimla miaka kama kumi. Alimaliza 1955, na 1958 akapata tuzo ya Nobel.

Sasa, uzuri wa tripsini ni kwamba haikati ovyo. Hukata baada ya lisini au arjinini, basi. Ule uzi wa 30 wa insulini inaukata mahali pawili tu, baada ya asidi amino ya 22 na ya 29. Ule wa 21 haiugusi kabisa! Kwa hiyo ukiijua protini, unaweza kupiga hesabu ya vipande vyake na uzito wa kila kimoja kabla hujaikata.

Kuvipima ndiko kulikokuwa kazi. Mashine ya kupima uzito wa molekuli inataka ziwe na chaji na zipae hewani, tena ndani ya ombwe. Protini ukiipasha moto inaharibika tu, kama yai kwenye kikaango.

Mwaka 1985, kijana wa miaka 25, Koichi Tanaka, alikuwa kazini kwenye kampuni ya Shimadzu, Kyoto, Japani. Alisomea umeme, si kemia. Siku moja akachanganya unga laini wa kobalti na gliserini, akagundua kumbe amekosea chupa. Wewe ungefanyaje? Yeye aliona unga ule ni ghali, kuutupa ni hasara. Akauweka kwenye mashine, akaupiga leza. Molekuli zikapaa zikiwa nzima.

Mwaka 2002 Tanaka akapewa Nobel pamoja na mzee John Fenn wa Marekani, aliyezipaisha protini kwa kuzinyunyiza katika matone yenye umeme. Tanaka alikuwa na digrii ya kwanza tu. Nilipolijua hilo nilicheka peke yangu kama mwehu. Ila haki isemwe: njia ya leza iliyoenea maabara nyingi ni ya Wajerumani wawili, Franz Hillenkamp na Michael Karas, nao hawakupata kitu. Mimi naona walionewa, japo Tanaka simnyang'anyi chake.

Mkasi na mizani vilikutana kweli mwaka 1993, makundi kadhaa ya watafiti yalipochapisha, kila moja kivyake, wazo lile lile: kata protini kwa tripsini, pima vipande, linganisha na orodha ya protini zinazojulikana. Leo ndivyo maabara zinavyoitambua protini isiyo na jina.

Na tripsini ina ulafi wake. Ikikosa cha kukata, hujikata yenyewe. Ndiyo maana ile ya maabara, ambayo mara nyingi hutoka kwenye kongosho la nguruwe, hubadilishwa kidogo kwanza zile lisini zake. Kisha hutiwa kichupani na protini na kuachwa ikeshe, nyuzi 37, joto lile lile la tumbo lako.